Wanaokohoa watambuliwe getini, si kwa daktari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie foleni za wagonjwa wa nje katika hospitali zetu za umma, ambako kila udhibiti wa maambukizi unapotajwa, jibu huwa kwamba wagonjwa ni wengi na muda hautoshi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini si kwa kila jambo.

Mwenye kifua kikuu ambaye bado hajajijua hupita dirisha la kuandikisha, dirisha la malipo au bima, chumba cha kupimia uzito na presha, kisha humsubiri daktari, huenda maabara, hurudi kwa daktari na kumalizia dirisha la dawa. Kote huko hukaa benchi moja na wajawazito na kina mama waliopakata watoto, pengine katika korido ambayo dirisha lake limezibwa na kabati la mafaili. Ugonjwa huo huenea kwa hewa, ilhali anayemuuliza habari za kikohozi ni daktari, baada ya mgonjwa kushinda akikohoa katikati ya watu.

Maswali yenyewe ni manne: kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Mhudumu aliyefunzwa akiyauliza getini, mwenye dalili akapewa barakoa na kikopo cha makohozi, akasubiri barazani penye upepo, atafika kwa daktari sampuli yake ikiwa imeshapelekwa maabara, na foleni haitarefuka kwa sababu yake. Watakuwapo watakaojikohoza ili wahudumiwe mapema, sikatai, ila kikopo kitawaumbua.

Kuhusu mikono, Shirika la Afya Duniani linaelekeza kunawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60. Muuguzi mwenye wagonjwa 60, hata akinawa mara moja tu kwa kila mmoja, atatumia karibu saa nzima. Kitakasa mikono chenye spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30, na kinatosha endapo mikono haina uchafu unaoonekana. Kumlaumu muuguzi huyo wakati sinki liko mwisho wa korido na vitakasa vimefungiwa stoo ni kumwonea.

Nawaomba waganga wafawidhi waanze na yasiyosubiri bajeti mpya: kabati liondolewe dirishani, na mhudumu mmoja ahamishiwe getini kuanzia saa 12 asubuhi, foleni inapoanza.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam