Skrini ya bluu ikishapita, kompyuta imekuachia ushahidi gani?

Wateja wanaotuletea kompyuta inayoanguka-anguka huja na maelezo yale yale: "Ilitoa skrini ya bluu, ikajiwasha yenyewe, sikuwahi kusoma." Hatumlaumu mtu. Maandishi yale hukaa kwa muda mfupi, na hata ukiwahi kuyapiga picha kwa simu, mara nyingi yanataja dalili tu. Sisi tunachotafuta ni faili ambalo Windows huliandika pale pale inapoanguka, na kwenye mashine nyingi zinazotufikia, faili hilo halipo. Ama mtu alizima mpangilio wake, ama programu ya kusafisha diski imeshalifagia.

Hapa kwetu tunaliita dampo. Ni jina baya, maana linafanya lionekane takataka, na hizo programu za usafi nazo huliona hivyo hivyo. Ndani yake mna nakala ya kumbukumbu ya kompyuta dakika ile ilipokata roho: draiva gani (programu ndogo inayoendesha kifaa) ilikuwa kazini, iliitwa na nani, na ilikuwa inagusa sehemu ipi ya RAM.

Inafaa ujue linavyoandikwa. Mfumo ukishaanguka haujiamini tena kufungua faili jipya kwenye diski, kwani unaweza kuharibu mengine. Kwa hiyo kwa kawaida humwaga kila kitu ndani ya pagefile.sys, faili lililokwishatengewa nafasi yake tangu mapema. Ukiwasha tena, ndipo Windows huyatoa yale yaliyomwagwa na kuyahifadhi kwenye folda ya Windows kwa jina MEMORY.DMP. Ile asilimia inayopanda taratibu kwenye skrini ya bluu ndiyo kazi hiyo inaendelea. Ukibana kitufe cha kuzimia ikiwa bado inapanda, umeuchana ushahidi kwa mkono wako. Na yule aliyeambiwa azime pagefile ili kuokoa nafasi, kwa kawaida hapati dampo lolote.

Mpangilio wenyewe haujafichwa mbali. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery. Utakuta orodha ya kuchagua.

Dampo dogo limeandikwa KB 256 kwenye orodha hiyo. Hukaa kwenye folda ya Minidump, kila tukio na faili lake, na jina lake limebeba tarehe kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi ukitangulia: 031425-9812-01.dmp ni la tarehe 14 Machi 2025. Dampo la keneli, yaani kiini cha mfumo, ni kubwa zaidi. Hilo hubeba kumbukumbu ya mfumo wenyewe na draiva zake, na kuziacha programu zako za kawaida. Lile la Automatic, ambalo limekuwa chaguo la kawaida tangu Windows 8, lina yale yale ya keneli. Tofauti ni kwamba Windows yenyewe ndiyo hupima ukubwa wa pagefile. Kuna pia la Active, lililokuja na Windows 10, linalowafaa zaidi wenye seva zinazobeba kompyuta pepe.

Halafu lipo dampo kamili. Hili hunakili RAM yote: mashine ya GB 16 itataka pagefile inayozidi hapo, na faili litakalozaliwa litakuwa la ukubwa huo huo. Kuna watu hulichagua wakidhani kikubwa ndicho bora. Mimi sikushauri, ila kama fundi amekuomba kwa sababu anayoijua. Humo ndani kunaweza kuwa na nywila zako, barua uliyokuwa ukiandika, na hata ukurasa wa benki uliokuwa wazi. Usilitume kwa barua pepe kwa mtu yeyote, hata sisi.

Kwa mteja wa kawaida, acha Automatic. Utapata MEMORY.DMP na dampo dogo pia. Ukiwa hapo hapo, ondoa tiki kwenye Automatically restart mpaka tatizo litakapopatikana, skrini ikusubiri uisome. Kumbuka MEMORY.DMP huandikwa juu ya lililotangulia, lakini yale madogo hurundikana, na kwetu mrundikano huo ni mali. Jambo jingine linalowashangaza watu: kwenye kompyuta isiyo kwenye domeini (mtandao wa ofisi unaosimamia kompyuta zake kwa pamoja), nafasi ikipungua chini ya GB 25, Windows yenyewe inaweza kulifuta MEMORY.DMP. Kwenye dirisha lile lile kuna kisanduku cha kuizuia.

Mteja mmoja alikuwa ameshabadilisha RAM kabla ya kutufikia, kwa kuwa kompyuta ilianguka kila alipopiga simu ya video. Madampo matatu madogo yote yalinyoosha kidole kwa draiva moja ya Wi-Fi. Tukaiondoa, tukaweka toleo la nyuma yake, yakaisha. Kama kila dampo lingetaja kitu chake, hapo kweli ningeishuku RAM.

Lakini dampo haliwezi kila kitu. Mashine inayozimika kama taa, bila skrini ya bluu, haiandiki chochote; hapo tunapima joto na umeme. Diski ikiwa ndiyo mgonjwa, nayo huenda isiweze kuandika.

Wenye seva za Linux, kazi hii hufanywa na kdump. Hutengewa sehemu ya RAM mapema kwa mpangilio uitwao crashkernel, na keneli ya pili huamka humo kuokoa kumbukumbu ya ile iliyokufa. Tukikuwekea, tunatumia programu ya makedumpfile kwa kiwango cha 31, ambacho huacha kurasa (vipande vya kumbukumbu) tupu, za akiba na za programu, faili likapungua sana.

Basi kabla hujatuletea mashine, usiendeshe programu yoyote ya usafi. Nakili mafaili ya Minidump kwanza kwenye eneo-kazi, maana folda ile ina ulinzi, yafunge kwenye zipu moja, kisha tutumie pamoja na mistari miwili ya ulichokuwa ukifanya kila ilipoanguka.