Mkinunua mashine ya eksirei, jengeni na choo

Kwa Mhariri,

Kila mara viongozi wa kaunti zetu wanapokata utepe mbele ya mashine mpya ya hospitali, gazeti hujaa pongezi. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni choo, na uniwie radhi kwa kulitaja neno hilo mapema hivi. Nilifundisha sayansi katika shule za msingi hadi nikastaafu, na mambo ya tumbo nimeyaeleza mbele ya watoto bila kuona haya.

Kuna kipimo cha utumbo mpana ambacho baadhi yetu huku Magharibi mwa Kenya bado tunaandikiwa, hasa foleni ya ule mpira wenye kamera inapokuwa ndefu. Unaingizwa kijimpira katika njia ya haja kubwa, unatiwa uji mweupe wa bariamu, kisha unapigwa picha za eksirei. Bila bariamu, eksirei haiwezi kuutofautisha vizuri utumbo na nyama zilizouzunguka. Bariamu huzuia miale, na umbo la utumbo likajitokeza. Wakitaka kuona kwa undani zaidi, wanaweka bariamu kidogo kisha wanapuliza hewa, utumbo unafura, na ule weupe unabaki umepaka kuta zake kama chokaa. Hapo daktari anaona vinyama vilivyoota, mahali palipobanwa na uvimbe, au utumbo uliojisokota. Akiona kitu cha kutiliwa shaka, bado utahitaji mpira wa kamera, kwa sababu picha haiwezi kukata kinyama cha kupelekwa maabara.

Watu wa kijiweni hapa Luanda waliniambia nisikubali, eti bariamu ni sumu ya panya. Nusu yake ni kweli: kabonati ya bariamu iliwahi kutumiwa kuulia panya. Inayotumika hospitalini ni salfeti ya bariamu, ambayo haiyeyuki, kwa hiyo mwili hauinyonyi. Inaingia nyeupe, inatoka nyeupe. Usipokunywa maji ya kutosha baadaye ndipo itakufunga choo.

Matayarisho yake yanachosha kuliko kipimo chenyewe. Siku moja kabla huli ugali, huli mrenda, huli maharagwe; ni maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa, kisha dawa ya kuharisha. Kinyesi kikibaki, kwenye picha kinaweza kuonekana kama uvimbe. Maagizo hayo tulipewa kwa Kiingereza kwenye karatasi iliyofifia, na mama mmoja aliyetoka Budalangi akarudishwa nyumbani kwa sababu alikula kunde jana yake. Nauli ya kwenda na kurudi hakuna aliyemfidia.

Sasa nije kwenye choo. Juu ya ile meza unagandamizwa na kugeuzwa: "Mzee, lala ubavu wa kushoto. Kifudifudi sasa. Usipumue." Kijana aliyekuwa akinipiga picha alikuwa mpole na anayejua kazi yake, simlaumu kwa lolote. Lakini uji ule ukishaingia na hewa juu yake, tumbo linakaza na mwili mzima unakuwa na wazo moja tu. Sehemu fulani inatolewa kupitia mpira uleule. Inayobaki ni juu yako. Katika hospitali niliyopelekwa, ambayo sitaitaja, choo cha wagonjwa kilikuwa ng'ambo ya uwanja, baada ya benchi la akina mama wa kliniki, na mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo anao mlinzi. Mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai.

Hebu mfikirie mzee wa miaka sabini na kitu, aliyeshinda njaa tangu jana, amevaa joho la hospitali lililo wazi mgongoni, anauvuka uwanja huo huku wakwe na majirani wakimtazama. Mimi niliwahi, kwa sababu mke wangu alikuwa ametangulia kumtafuta mwenye ufunguo. Aliyenifuata hakuwahi. Alijifunika kwa shati lake, akakaa ukutani, akakataa kurudi ndani. Na alitakiwa arudi! Mara nyingi kuna picha ya mwisho inayopigwa mgonjwa akishajisaidia, utumbo ukiwa umejikunja, ili daktari alinganishe. Kwa hiyo choo ni sehemu ya kipimo sawa na meza.

Chumba kile, kwa ninavyokiona, kilijengwa kwa ajili ya vifua na mifupa iliyovunjika. Labda ni mawazo ya zamani pia. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji nchini Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu Afrika, akahusisha jambo hilo na vyakula vyetu visivyokobolewa. Leo tunakula mkate mweupe na chipsi kama watu wengine, na wanaoandikiwa kipimo hiki si wageni.

Wanasheria wataniambia kama nimekosea, lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inataja afya na usafi wa mazingira pamoja, na Kifungu cha 28 kinataja heshima ya kila mtu. Afya ya kaunti iko mikononi mwa kaunti. Basi kikao cha kukusanya maoni ya bajeti kitakapoitishwa, nitaomba choo chenye mlango unaofungukia ndani ya chumba cha eksirei, chuma cha kushikilia ukutani, maji ya bomba, na ufunguo ukae kwa mpiga picha. Karatasi ya maagizo nayo iandikwe kwa Kiswahili, Kiluhya na Kijaluo. Atakayesema uwanja ule si mpana, nitamwomba aje auvuke asubuhi moja baada ya kunywa ile dawa ya kuharisha, mlinzi akiwa chai.

Mwalimu mstaafu,
Luanda, Kaunti ya Vihiga