Kabla hujaitumia hiyo kadi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili: benki imekupa kadi ya mkopo inayokurudishia asilimia 2 ya kila unachonunua. Ukamalizia hivi, "Mama, sasa nitakuwa nalipwa kwa kununua." Nimefurahi kwa furaha yako, lakini maneno hayo ya mwisho yamenikosesha usingizi. Ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie barua nzima.

Hulipwi kwa kununua, mwanangu. Pesa hiyo ina mwenyewe, na ni vizuri umjue. Ukilipa kwa kadi, mwenye duka hapati pesa yote uliyotoa. Hukatwa ada, na sehemu kubwa ya ada hiyo huenda kwa benki iliyokupa kadi. Humo ndimo benki inamochota ile asilimia inayokurudishia. Umoja wa Ulaya ulipoiwekea ada hiyo kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo mwaka 2015, baadhi ya benki huko zilipunguza zawadi zao na nyingine zikaziondoa kabisa, kwa sababu kisima kilikuwa kimepungua maji. Mwenye duka naye si mjinga, ada hiyo ameshaihesabu kwenye bei. Jambo hili ni la zamani. Tangu mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ya Marekani ilikuwa ikiwauzia wenye maduka stempu za kijani, wao wakawapa wateja, na mteja akazibandika kwenye kijitabu hadi zitimie za kubadilisha na zawadi. Mama wa watu anafurahi kwamba amepewa bure, kumbe stempu zilikuwa zimenunuliwa, na gharama yake mwenye duka alikuwa ameiingiza kwenye bei za bidhaa zake.

Kisima cha pili ni riba, na hiki ndicho kinachonitia hofu. Twende kwa hesabu. Umenunua vitu vya 10,000, ukarudishiwa 200. Mwisho wa mwezi ukashindwa kulipa deni lote. Riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ambayo kwa kadi za mkopo ni ya kawaida na nyingine huipita, ni kama asilimia 2 kwa mwezi. Yaani ni 200. Mwezi mmoja wa kuchelewa umekwisha kumeza zawadi yote, na mwezi wa pili unaanza kula mfukoni mwako. Kisha kuna jambo ambalo hawakwambii kwa sauti kubwa: kwa kadi nyingi, ukibakiza deni, unapoteza zile siku za mwanzo ambazo ununuzi hukaa bila kutozwa riba. Kitu utakachonunua kesho kinaanza kutozwa riba kesho hiyo hiyo, hata kama ulikusudia kukilipia kwa wakati.

Ninayajua haya kwa kuwa yalinipata. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilipewa kadi iliyoahidi zawadi kubwa ya kuanzia, mradi nitumie kiasi fulani ndani ya miezi 3. Zikabaki wiki mbili, mimi bado niko mbali na kile kiasi. Nikaanza kununua vitu ili nifike. Nilifika, zawadi nikapata, kisha bili ikaja na sikuwa na ya kuilipa. Nikawa nalipa kile kima cha chini cha malipo ya mwezi kilichoandikwa kwenye taarifa ya benki, nikijiona mwaminifu, na deni halisogei. Ilinichukua miezi 14 kulimaliza, na miezi 9 kati ya hiyo nilimficha baba yako. Leo sikumbuki nusu ya vitu vile viliishia wapi. Ninachokumbuka ni ule moyo kunidunda kila bahasha ya benki ilipoingia mlangoni. Sitaki uujue moyo huo.

Tangu hapo nimeishi na jambo moja, nalo ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote: hizi zawadi zimetengenezwa ili zikubadilishe mwendo, na anayefaidi ni yule asiyebadilika. Kama ungenunua kitu hicho, dukani hapo, kwa kiasi hicho, hata pasipo punguzo wala pointi, zile alama unazokusanya ukinunua ili uzibadilishe na zawadi, basi kinachorudi ni chako halali, kichukue kwa mikono miwili. Kama umenunua kwa sababu ya pointi, wamekupata.

Na wanajua kutupata. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walieleza jaribio lao pale wanapoosha magari. Nusu ya wateja walipewa kadi ya kugongwa mihuri 8 ili waoshewe mara moja bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri 10, lakini miwili ilikuwa imeshagongwa. Ukiangalia vizuri, wote wamebakiwa na mihuri 8 ile ile. Wenye kadi ya mihuri 8, waliomaliza walikuwa asilimia 19; wenye kadi ya mihuri 10, asilimia 34. Muhuri wa bure tu, mwanangu, na mtu anajiona ameshaanza safari, anaona vibaya kuiacha njiani. Kwa hiyo siku simu yako ikikwambia "umebakiza pointi chache tu," iweke chini, uendelee na shughuli zako.

Punguzo nalo lina ujanja wake. Wakikwambia asilimia 20 kisha asilimia 10 juu yake, usijumlishe 30. Kitu cha 100 kinashuka hadi 80, halafu 72. Umepunguziwa 28. Ya "nunua viwili upate cha tatu bure" ni theluthi moja kweli, lakini kwa mwenye haja ya vitatu. Na ile bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu usiiamini kwa macho, uliza kitu hicho kiliuzwa kiasi gani mwezi uliopita. Mwaka 2012 maduka ya JCPenney huko Marekani yaliachana na mapunguzo na kuponi, yakaweka bei ya chini ya kila siku, basi. Wateja wakakimbia, na mauzo ya mwaka huo yakaanguka kwa karibu robo. Huwa nalifikiria sana jambo hilo. Watu walitaka kuambiwa wamepunguziwa kuliko walivyotaka bei yenyewe.

Sasa usije ukadhani nakukataza. Kadi yangu ya pointi ninayo hadi leo, na ya kurudishiwa pesa ninayo, na haba na haba hujaza kibaba. Ninavyofanya ni hivi. Orodha ya mahitaji naiandika kabla ya kufungua ofa yoyote, kisha ndipo naangalia kama kuna punguzo la kitu kilichomo. Kisichomo kwenye orodha hakina punguzo kwangu, hata kiwe nusu bei. Punguzo la duka, pointi za duka na pesa inayorudishwa na kadi vyaweza kupatikana kwa ununuzi mmoja, na hapo ndipo kuna faida ya kweli, kwa kitu ulichokuwa ukikihitaji tayari. Pointi siziweki muda mrefu. Nyingine zina tarehe ya kufa, na kampuni ikiamua kesho kwamba zawadi ya pointi 1,000 sasa ni ya pointi 1,500, huna pa kushtaki. Ndiyo maana, kama nina hiari, nachagua kadi inayorudisha pesa. Pesa inajulikana ni pesa.

Deni lote, si kile kima cha chini, nimeiagiza benki ilikate lenyewe kwenye akaunti yangu kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho. Dawa ya deni kulipa, na mimi nimeona bora dawa hiyo inywewe bila kungoja nikumbuke. Kinachorudi nacho nakihamishia kwenye akiba siku hiyo hiyo. Kikibaki kwenye kadi kinapotelea katika ununuzi unaofuata, na mwisho wa mwaka huna cha kuonyesha.

Usitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, labda iwe ni maisha ya mtu. Hukatwa ada, riba huanza saa hiyo, na ile asilimia ya kurudishiwa hupati.

Limebaki la ada ya mwaka, ambalo ujumbe wako haukuligusa. Tuseme yako inarudisha asilimia 2 lakini ina ada ya 1,500 kwa mwaka, na iko nyingine inayorudisha asilimia 1 bila ada. Ili ile ya kwanza iishinde ya pili kwa faida, lazima upitishe zaidi ya 150,000 kwa mwaka kwenye kadi. Unatumia kiasi hicho sasa, au itabidi uanze kukitumia? Hapo ndipo penye swali.

Nitumie picha ya masharti ya hiyo kadi, kurasa zote, na zile za maandishi madogo. Nataka kuona ada, riba, tarehe ya kulipa, na kama hiyo asilimia 2 ina kikomo au ni ya vitu fulani tu. Nipigie Jumapili jioni tuisome pamoja. Hadi hapo iache kwenye bahasha.

Nakupenda sana.

Mama yako