Majibu ya maabara yasafiri na mgonjwa

Mhariri,

Kila tukizungumzia dawa zisizofanya kazi tena, lawama hutua kwa maduka ya dawa. Ni haki yao. Hapa Amu ukiingia na shilingi 50 ukataka "rangi mbili", vidonge vya antibiotiki, utapewa, wala huulizwi unaumwa nini. Lakini kuna mlango mwingine hatuutazami, nao ni gati la Mokowe, tunakopandia boti kutoka bara kuja kisiwani.

Mwaka jana ami yangu alipasuliwa mguu katika hospitali moja Mombasa, akalazwa wiki tatu. Tulimshusha botini, tukamkokota kwa mkokoteni hadi nyumbani Mkomani, mkononi ana karatasi moja: kidonda kisafishwe kila siku. Kidonda kikakataa kukauka. Huku akapewa dawa, akabadilishiwa, wapi! Aliporudi kuonwa Mombasa ndipo tukakabidhiwa majibu ya usaha uliochukuliwa kabla hajaruhusiwa. Bakteria ni Klebsiella. Chini yake dawa 11 zimepangwa mstari, na 9 zina herufi R mbele yake, maana yake bakteria huyo hazimwingii. Tarehe ya majibu ni siku mbili baada ya sisi kuondoka. Hakuna aliyetupigia simu. Na muda wote huo mkewe ami akifua vitambaa vya kidonda katika beseni la nguo za wajukuu.

Ubaya wa vidudu hivi ni kwamba havijiwekei siri. Jeni ya usugu, yaani maagizo yanayomfanya bakteria asisikie dawa, mara nyingi hukaa kwenye kipande kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi, na bakteria mmoja humpa mwenzake nakala, hata kama si wa aina yake. Ni kama mapishi ya biriani: jirani akikufunza, naye hayampotei. Kwa hivyo mgonjwa anaweza kupona kabisa, jeni ikabaki tumboni mwake kwa bakteria wasiomdhuru, ikingoja wodi nyingine. Jeni moja ya usugu iitwayo NDM-1 ilitambuliwa kwa mgonjwa wa Uswidi aliyekuwa amelazwa New Delhi. Ripoti yake ilitoka mwaka 2009. Kufikia 2011 watafiti walishaitangaza kutoka Nairobi. Iliyovuka bahari hiyo itashindwa na mkondo wa Mokowe?

Simlaumu muuguzi anayehudumia wodi nzima peke yake. Ninachoomba ni kidogo: usaha ukipelekwa maabara, mgonjwa aondoke na namba ya kuulizia majibu, na hospitali inayompokea ipelekewe nakala. Wakijua mapema watamtengea kitanda chake, watavaa glavu, watanawa mikono kabla ya kumgusa wa pili. Kuanza kubahatisha dawa upya kila kituo ndiko kunakowakomaza wadudu hawa.

Ami sasa anatembea, kwa sindano za ghali. Ile karatasi aliyotoka nayo bado ninayo. Ina nafasi ya jina la chifu wake. Ya jina la bakteria haina.

Mkazi wa Mkomani,
Lamu