Neno likatwe kwenye kiungo, si kwenye mfupa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkunga mstaafu, nakaa Isevya, Tabora. Mtoto wa jicho amenipunguzia uwezo wa kusoma maandishi madogo, kwa hiyo gazeti lako nasomewa na mjukuu wangu wa darasa la nne, kila jioni tukishakula. Anasoma vizuri. Lakini Jumanne ya wiki iliyopita alifika kwenye habari ya kliniki, mwisho wa mstari akakuta "mjam". Akasimama. Akashuka mstari wa chini akakuta "zito". Akasoma "mjam, zito", kama majina ya watu wawili. Nikamwambia arudie, akarudia vilevile, maana ndivyo ilivyochapwa. Neno hilo nimelitumia kazini maisha yangu yote, na jioni ile sikulitambua. Tukachukua kalamu tukayatafuta mengine: "mwan-afunzi", "garim-oshi", "wan-awake", "nyum-ba". Yote hayo katika ukurasa mmoja.

Ninaandika kwa sababu jambo hili la kukata neno mwisho wa mstari nilifundishwa zamani, na aliyenifundisha alikuwa Mswidi. Miaka ya 1980 nilifanya kazi katika hospitali ya misheni mkoani hapa pamoja na muuguzi kutoka Uswidi. (Wapentekoste wa Uswidi ndio walioanzisha hospitali ya Nkinga, upande wa Igunga, kwa hiyo watu wa rika langu tumewazoea.) Nilimwita Dada, kama tulivyowaita wauguzi wote wa misheni. Usiku mmoja tulikuwa stesheni ya Tabora tukimsubiri mgeni wa treni ya kutoka Kigoma. Treni imechelewa, tumekaa kwenye benchi chini ya taa, Dada akatoa daftari akaandika: järnväg. Järn ni chuma, väg ni njia. Njia ya chuma, yaani reli. Akaongeza: järnvägsstation, stesheni ya reli. Nikamwuliza ile s ya katikati imetoka wapi, maana kati ya chuma na njia haikuwapo. Akasema ni mshono. Mara nyingi wanapounga neno ambalo lenyewe limekwisha kuungwa, wanatia s ili ijulikane kiungo kikubwa kiko wapi. Akanipa mfano wa nyumbani: mtoto ni barn, mjukuu ni barnbarn, mtoto wa mtoto, bila s. Kitukuu ni barnbarnsbarn.

Si kila neno linaungwa kwa s. Skola ni shule na bok ni kitabu, lakini kitabu cha shule ni skolbok, ile a imeanguka. Kanisa ni kyrka, ila makaburi ya uwanja wa kanisa ni kyrkogård, a imegeuka o. Na kwao neno la mwisho ndilo lenye nyumba, yaani ndilo linalotaja kitu chenyewe: sjukhus, hospitali, ni nyumba (hus) ya wagonjwa, na mgonjwa ametangulia mbele. Sisi tunaanza na mwenye nyumba. Garimoshi ni gari kwanza, moshi unafuata. Wingi wao unakaa mkiani, järnväg, järnvägar. Wetu unakaa mbele, mwanafunzi, wanafunzi, na pengine pande zote mbili, mjamzito, wajawazito.

Halafu akaandika neno ambalo sijalisahau mpaka leo. Natt ni usiku, tåg ni treni. Treni ya usiku, ile tuliyokuwa tukiingoja, ni nattåg. Hesabu herufi, Ndugu Mhariri. Natt ina t mbili, tåg ina t moja, zingekuwa tatu. Waswidi hawaandiki konsonanti tatu zinazofanana mfululizo, kwa hiyo moja imemezwa. Lakini neno hilo likikatwa mwisho wa mstari, t iliyomezwa inarudishwa: natt-tåg. Kila upande unapewa chake kamili. Nilimwuliza kama kweli mpiga chapa anahangaika kiasi hicho kwa herufi moja. Akaandika glasskål. Ukikata glas-skål ni bakuli la kioo. Ukikata glass-skål ni bakuli la aiskrimu.

Kuhusu mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, alinifundisha kwa kutamka, na tulitamka sana, maana treni ilikuja karibu na alfajiri. Ile sj ya sjukhus inatoka kwa pumzi, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mkazo mkuu uko mbele, kwenye sjuk, na mwingine mdogo uko nyuma, kwenye hus. Kwa matamshi ya Dada sauti ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Katika järnvägsstation mkazo mkuu ni järn, mdogo ni silabi ya mwisho, na zilizo katikati zinapita haraka. Hapo Mswidi anajua kwamba amesikia neno moja. Muuguzi ni sjuksköterska, hata akiwa mwanamume. Ukiacha nafasi ukaandika sjuk sköterska, kila neno linapata mkazo wake, na maana inakuwa muuguzi anayeumwa.

Sasa sisi. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Mwana peke yake mkazo uko mwa. Likiwa mwanafunzi, mwana ameuachia mkazo wake, umekwenda kukaa kwenye fu. Maana yake ni kwamba Mswidi akifika mwisho wa mstari na nusu ya neno mkononi, mkazo mkuu ameshauweka. Msomaji wetu bado anaungoja mstari wa chini. Kwa hiyo sisi ndio tunaohitaji zaidi kipande cha chini kiwe kizima. Mtoto akikuta "mja-" na chini yake "mzito", ulimi wake unajua pa kukaza, kwa sababu mzito ni neno analolijua. Akikuta "mjam-" na chini yake "zito", hana cha kushika.

Naomba basi mkate mja-mzito, mwana-funzi, gari-moshi, wana-wake, kipima-joto. Neno lisilo na kiungo likatwe baada ya irabu: nyu-mba, ng'o-mbe, vita-nda. Silabi zetu huishia na irabu, isipokuwa maneno ya kukopa kama dak-tari, na ile m au n inayojitegemea kama ya mtu na nchi, ambayo nayo msiiache peke yake mwisho wa mstari. Kama kompyuta ndiyo inayokata, basi mtu mmoja wa chumba cha habari apitishe macho pembeni mwa safu kabla ukurasa haujakwenda mtamboni. Najua usiku wenu ni mfupi. Wa zamu ya wodini pia ulikuwa mfupi, na kadi za wagonjwa tulizisoma mara mbili.

Nimeambatanisha ukurasa wenyewe. Maneno tuliyozungushia wino mwekundu ni 14, na kando ya kila moja mjukuu wangu ameandika kwa mkono wake mahali ambapo yeye angelikata.

Mkunga mstaafu,
Isevya, Tabora.