Kaka, nimeenda kuiona ile okidi ya huku

Kaka, za Matamba? Shemeji na watoto hawajambo? Mi mzima namshukuru Mungu, ila mkono wa kulia unaniwasha toka juzi utadhani nimeshika upupu, na ntakueleza kwa nini ila usinicheke.

Unamkumbuka yule bibi wa kazini niliyekwambiaga, wa chumba cha mwisho, ambaye kila nikimpelekea chai ananiuliza kama kwetu kuna theluji? Basi mwezi wa tano nikamwonyesha kwenye simu zile picha za hifadhi ya Kitulo ulizonitumia mwezi wa pili, maua yamejaa bonde zima. Akanyamaza kidogo, halafu akasema na sisi tunalo letu. Hapo ndo akaanza kunielezea ua la okidi la huko kaskazini mwa Minnesota alikokulia, siku tatu nzima ni hilo hilo, nikaona isiwe tabu, wikendi ya mwisho ya Juni nikachukua ofu nikawasha gari nikaenda. Kutoka hapa Minneapolis ni kama masaa manne, unapita maziwa mpaka unachoka kuyahesabu, ukifika Cass Lake unashika barabara namba 39 ya kwenda Blackduck, kilomita kama 45 za misonobari na madimbwi tu. Barabara yenyewe wameipa jina la hilo ua, ujue watu wanalipenda.

Mi nilijiandaa kuingia porini, na gambuti nimevaa kabisa. Kumbe yapo mtaroni! Pembeni ya lami pale pale kwenye majimaji, na magari yanapita. Nikapaki, kufungua tu mlango mbu wakanipokea, aisee kama mbu wa Kyela vile, na hiyo ni nchi ambayo Januari hata ukope unaganda. Shina linakaribia kiunoni, majani mapana yamepigwa marinda kama sketi ya shule na yana vinywele vinywele, halafu juu kabisa ua moja au mawili, petali nyeupe pe, na chini yake kifuko cha pinki kimevimba, kina michirizi kama mtu kapitisha brashi ambayo rangi inamuishia. Wenyewe wanaliita ledi slipa, ndala za bibie, ila mi nimeona limekaa zaidi kama kile kiatu cha kufuma cha mtoto mchanga. Kisayansi ni Cypripedium reginae, hilo neno la pili maana yake la malkia.

Nikachuchumaa mbele ya moja kama nusu saa. Kukaja kanyuki kakazama kwenye kifuko, nikawa nasikia kanavuma tu humo ndani. Kutokea kalikoingilia hakawezi, kingo zimejikunja kwa ndani na kuta zinateleza, njia ni moja tu, kapande vile vinywele vya nyuma kwenda kupenya katundu kadogo juu. Kaka ni daladala ya milango miwili ile, unapanda huku unashukia kule na mlango wa kushukia ndo kakaa konda: kwanza inabanduliwa chavua kaliyokuja nayo toka ua lingine, kakisogea kidogo kanapakwa nyingine mgongoni, ndo kanaachiwa kaende. Na asali humo hamna hata tone! Rangi yote ile ni utapeli mtupu, nyuki anaitwa, anafanyishwa kazi, halipwi.

Ila kilichonikaa kichwani sio hicho. Bibi aliniambia ua hili ukilipanda leo utalisubiri mpaka mwanao aanze kunyoa ndevu, nikadhani chumvi za wazee, kwenda kusoma nakuta ni kweli. Mbegu zake ni vumbi, kama lile linalobaki ukutani kwenye mashine ya kusaga, na ndani hazina akiba yoyote ya chakula. Lazima mbegu iangukie penye kuvu fulani wa ardhini, huyo ndo anailisha, inakaa chini gizani miaka bila kutoa hata jani, na mpaka ua la kwanza lionekane inaweza kuchukua hadi miaka 16. Miaka 16 kaka! Mi nilivyoondoka nyumbani mpaka leo haijafika hiyo. Ila likishashika linaweza kuishi miaka 50 na kuendelea, kwa hiyo yale niliyoyaona mtaroni mengine huenda yamenizidi umri, ningewaamkia.

Ndo maana kuling'oa au kulichuma bila kibali ni kosa kwa sheria ya jimbo, na sheria yenyewe ni ya 1925. Lenyewe ndo ua la jimbo la Minnesota, na hapo kuna kichekesho, maana mwaka 1893 walipochagua waliandika jina la ndugu yake, Cypripedium calceolus, ambayo hata haioti Minnesota, mpaka wakina mama fulani wa kikundi cha kujisomea wakashtuka, ikarekebishwa 1902. Miaka tisa jimbo zima lina ua la wenyewe. Nilicheka peke yangu kwenye gari.

Halafu kicheko kikaisha, nikatukumbuka sisi. Unakumbuka kile kilima cha nyuma ya shule, kabla hifadhi haijaanza 2005? Tunatoka asubuhi na vijembe vifupi kwenda kuchimba okidi za kwetu, unaangalia maua ndo unajua pa kuchimba, ukichomoa unakuta viazi viwili, kimoja kimenyauka cha mwaka jana na kimoja kigumu kimejaa maji, kile kigumu unatia kwenye debe na kilichonyauka unatupa huko. Halafu wale jamaa wa Tunduma wanakuja na magunia, wanapima kwa debe, wanavusha Zambia kwenda kupikia chikanda, kile chakula chao cha viazi vya okidi. Tulipoanza debe lilikuwa linajaa kabla ya saa nne. Mwisho mwisho tulikuwa tunarudi jioni na nusu. Na hatukuwahi hata kujiuliza, tulisema tu jamaa wa kijiji cha pili wametuwahi.

Sijilaumu sana, usinielewe vibaya, viatu vyangu vya kwanza vya shule vilitoka kwenye debe lile na mama alijua hivyo. Ila mbegu za zile za kwetu nazo ni vumbi hivyo hivyo, nazo zinamsubiri kuvu hivyo hivyo, na sisi tulikuwa tunazichimbua ua likiwa bado kichwani, yaani hata hilo vumbi hatukuliacha lipeperuke. Hapo ndo roho iliniuma, pale mtaroni na gambuti langu.

Sasa mkono. Nilijifanya kulishika jani niusikie ule mpapuro wake, nikalisugua kabisa kwa kidole na kiganja, nikajifuta mkononi. Kumbe vile vinywele vinawasha, sio watu wote ila mi nimo. Usiku vikatoka vipele mpaka kwenye kiwiko. Jumatatu naingia kazini bibi kaangalia mkono, hata salamu hajatoa, kaniuliza, uligusa? Akacheka mpaka nikampa maji. Anasema baba yake alikuwa anawaambia lile ua linajilinda lenyewe, sheria imekuja kusaidia tu.

Kaka nina ombi, mvua zikishakolea, mwezi wa pili hivi, pita kile kilima uniangalizie, upande ule wa kijito tulipokuwa tunaficha madebe. Ukikuta hata moja ipige picha unitumie, usimwambie mtu iko wapi, hata wanao. Na usipokuta niambie tu ukweli, usinitumie ya Kitulo ukasema ni ya pale, nakujua wewe.

Naingia shifti ya usiku sa hivi. Msalimie shemeji, mwambie ile hela ya mbegu za viazi ntatuma ijumaa.

Wako yule yule wa debe nusu