Kisafisha hewa kisinunuliwe kwa maandishi ya boksi

Mhariri,

Wanunuzi wengi wa visafisha hewa vya nyumbani hutazama mambo mawili kwenye boksi: neno HEPA, yaani aina ya kichujio kinachonasa chembe ndogo sana, na ukubwa wa chumba. Hilo la pili mara nyingi ni mtego.

Mtengenezaji anaweza kuandika "hadi mita za mraba 60" kwa kukadiria kwamba hewa ya chumba itapita kwenye kichujio mara moja tu kwa saa. Mara moja haitoshi, maana vumbi na moshi haviachi kuingia. Lenga mara 5 hivi. Tafuta tarakimu ya CADR, yaani mita za ujazo za hewa safi inayotolewa kwa saa. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye dari ya mita 2.5, kina mita za ujazo 30. Zidisha kwa 5, unapata CADR ya 150. Sasa piga hesabu ya ile mashine ya mita za mraba 60, kwa mara moja kwa saa: kwa dari hiyohiyo, CADR yake ni 150 vilevile. Inatosha chumba cha mita za mraba 12! Ikiwa tarakimu imetolewa kwa futi za ujazo kwa dakika, izidishe kwa 1.7.

Tena CADR hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu, yenye kelele nyingi. Usiku kasi hupunguzwa, na usafishaji hupungua pamoja nayo. Kwa chumba cha kulala, heri mashine ya CADR 250 au 300 iendeshwe kasi ya kati.

Kuhusu kichujio, HEPA halisi hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, daraja la H13 la Ulaya ni asilimia 99.95. "Mfano wa HEPA" hauahidi lolote. Harufu ni kazi ya mkaa maalumu, nao hupimwa kwa uzito: kitambaa chembamba kilichopakwa unga wa mkaa hushiba upesi. Gesi ya kaboni monoksidi haiondolewi na mashine hizi, kwa hiyo penye jiko linalotoa moshi dawa ni kufungua madirisha na kurekebisha jiko. Mashine inayotoa ozoni kwa makusudi iachwe dukani, kwani ozoni huwasha mapafu.

Kosa linaloshangaza, nalo ni la kawaida, ni kuwasha mashine kichujio kikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Feni inalia, hewa haipiti. Lingine ni kuosha HEPA kwa maji: nyuzi huharibika hata kama kwa macho kinang'aa. Kinachosafishwa ni wavu wa mbele, kila baada ya wiki 2 hadi 4. Mashine ikae walau sentimita 30 kutoka ukutani, isifichwe nyuma ya kochi. Na kabla ya kulipa, uliza bei ya kichujio cha akiba, maana utakihitaji ndani ya miezi 6 hadi 12.

Fundi wa mitambo ya hewa